Amri 105 za siri kwenye prosesa ya dola 25: zilitoka wapi?

Ukifungua kitabu cha maelekezo cha prosesa ya 6502, ile iliyoendesha kompyuta ya Apple II, utahesabu namba za amri 151. Ukiijaribu chipu yenyewe, utakuta inapokea namba 256. Kitabu kiko kimya kuhusu zile 105 zilizobaki. Chipu haiko kimya. Ipe yoyote kati ya hizo, itafanya kitu.

Kitu gani sasa? Hapo ndo utamu ulipo. Nyingine zinafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Nyingine hazifanyi lolote. Zipo 12 zinazoigandisha kompyuta mpaka ubonyeze riseti. Na zipo chache ambazo jibu lake linaweza kubadilika kwa sababu tu chipu imepata joto.

Hakuna mhandisi aliyekaa mezani akazibuni. Na bado zimo ndani ya magemu yaliyouzwa madukani, na pengine zimo kwenye simu yako ukiwa mtu wa emuleta.

Yote yalianzia kwenye bei

6502 ilitoka mwaka 1975, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iitwayo MOS Technology. Chuck Peddle, Bill Mensch na wenzao walikuwa wametoka Motorola, ambako prosesa ya 6800 ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 100. Wao wakasema yao itauzwa dola 25. Na kweli, ikauzwa dola 25.

Bei hiyo haikuja kwa maombi. Chipu zinatengenezwa nyingi kwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni. Chipu ikiwa ndogo, zinaingia nyingi zaidi kwenye kisahani, na chache zaidi zinaharibika. Kwa hiyo kila transista ilikuwa inahesabiwa kama hela ya nauli. 6502 nzima ilikuwa na transista elfu chache tu. Chipu ya simu ya leo ina mabilioni.

Sasa angalia hesabu. Amri ya 6502 inatambuliwa kwa baiti moja, yaani biti 8. Biti 8 zinaweza kupangwa kwa namna 256. Wahandisi walihitaji 151. Je, zile 105 nyingine wafanyeje? Wangeweza kuweka sehemu ya kuzikagua na kusema "hii siijui". Lakini sehemu hiyo nayo inakula transista, transista inakula nafasi, nafasi inakula pesa. Wakaziacha hivyohivyo, bila mlinzi.

Wapo wanaouita huo uzembe. Mimi siuiti hivyo. Bila uamuzi wa namna hiyo, kompyuta ya nyumbani ingechelewa kuwa kitu cha mtu wa kawaida kununua.

A5, A6, na ile ya tatu isiyoandikwa

Watu wengi wanafikiri prosesa inasoma namba ya amri, inatafuta kwenye orodha, kisha inatekeleza. 6502 haina orodha ya namna hiyo. Ina gridi ya nyaya yenye mistari 130, na kila mstari unaangalia biti chache tu za ile namba.

Fikiria makonda wamejipanga stendi. Huyu anaangalia rangi ya tiketi yako, yule anaangalia herufi ya mwisho. Hakuna hata mmoja anayesoma tiketi nzima. Ukija na tiketi ya ajabu ambayo inawaridhisha makonda wawili, wote wawili watakuvuta kwenye basi lao.

Tuone kwa mfano halisi. Ndani ya 6502 kuna visanduku vidogo vya kuwekea namba, vinaitwa rejista. Vitatu vya kazi za kila siku ni A, X na Y. Amri zinaandikwa kwa mtindo wa heksi, ambapo tarakimu ni 0 hadi 9 halafu A hadi F. Tazama hizi tatu:

A5 = 10100101, chukua namba kutoka memori, weka kwenye A.

A6 = 10100110, chukua namba kutoka memori, weka kwenye X.

A7 = 10100111, haipo kitabuni.

Angalia biti mbili za mwisho tu. 01 ni kundi la A. 10 ni kundi la X. Je, 11? Mistari ya kundi la A inaona 1 yake pale mwisho, inasema "ni ya kwangu". Mistari ya kundi la X nayo inaona 1 yake, inasema vilevile. Zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Matokeo: namba moja kutoka memori inaingia kwenye A na kwenye X kwa pamoja.

Walioigundua wakaipa jina, LAX. Ni amri safi kabisa, inatoa jibu lilelile kila mara. Ungemwambia mtu kwamba ilibuniwa makusudi angekubali.

Sasa geuza upande. 85 inatoa namba kutoka A kwenda memori. 86 inatoa kutoka X. 87 inawaambia A na X watoe namba zao kwa pamoja, kwenye njia ileile. Hapo lazima wagongane, sivyo?

Wanagongana, lakini kwa utaratibu. Nyaya za njia ile zinajazwa umeme kwanza, kisha rejista yenye sifuri inaumwaga. Ni kama tenki la maji lenye koki mbili. Ukifungua hata koki moja, maji yanaisha. Tenki linabaki limejaa pale tu ambapo koki zote mbili zimefungwa. Kwa hiyo biti inabaki 1 ikiwa A ina 1 na X ina 1. Kama A ni 1100 na X ni 1010, kinachofika memori ni 1000. Hii inaitwa SAX, na hesabu hiyo watengeneza programu wanaihitaji mara nyingi. Hapa imekuja bure, kutokana na ajali.

Zile za hatari

Siyo zote zilizo na adabu kama hizo mbili. Namba 02 ni mojawapo ya zile 12 za kugandisha. Prosesa inatekeleza kila amri kwa hatua, na ndani yake kuna kihesabio kinachosema tuko hatua ya ngapi. Kwa 02, kihesabio kinapoteza hesabu na hakuna mstari unaokirudisha mwanzo. Chipu inabaki imesimama. Haina kosa la kuripoti, haina ujumbe. Riseti au chomoa waya.

8B ni mbaya zaidi, kwa sababu inakudanganya. Inachanganya rejista kwa namna ambayo umeme unaopigania njia hauna mshindi wa uhakika. Jibu linategemea chipu ilitoka kiwandani lini, volti iliyopo, na joto. Programu inaweza kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako, ikakataa kwa jirani. Au ikakubali asubuhi na kukataa baada ya saa mbili.

Motorola nayo, pamoja na bei yake, ilikuwa na mambo yayo hayo. 6800 ilitumia namba 197 kati ya 256, zikabaki 59. Desemba 1977, Gerry Wheeler aliandika makala kwenye jarida la BYTE akieleza alichokuta alipozijaribu. Mbili kati yake, 9D na DD, zinaifanya prosesa ianze kusoma memori yote, anwani moja baada ya nyingine, bila kusimama wala kusikiliza mtu. Akazipa jina la utani, Halt and Catch Fire, yaani simama na ushike moto. Hakuna kinachoungua, ni mzaha tu. Na fundi mwenye kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme anaweza kuifurahia, kwa sababu nyaya zote za anwani zinapiga kwa mpangilio na anaona haraka ipi imekatika.

Nani alizitumia, na kwa nini?

Sababu ya kwanza ni muda. Commodore 64 ilitoka 1982 na prosesa ya 6510, ndugu wa 6502, yenye kasi isiyofika megahezi 1 kwenye toleo la Ulaya. Picha kwenye TV ilikuwa inabadilika mara 50 kwa sekunde. Ukigawanya, mtengeneza gemu anapata mizunguko 19,656 kwa kila picha, na chipu ya michoro inajichukulia sehemu ya hiyo. Humo ndani asogeze maadui, apige muziki, asome joistiki.

Kupakia A kisha X kwa njia ya kitabuni kunachukua mizunguko 6. LAX inachukua 3. Ukiona tatu ni ndogo, zizidishe kwa kitanzi kinachorudiwa mamia ya mara kwa kila picha.

Sababu ya pili ni ulinzi wa nakala. Mtu aliyetaka kuvunja kufuli ya gemu alitumia programu inayogeuza namba kuwa majina ya amri ili asome kinachoendelea. Ikifika kwenye namba isiyo kitabuni, programu ile inaandika alama za kuuliza. Mwenye gemu anacheka, maana chipu inaelewa na mwizi haelewi. Walau kwa wiki mbili tatu.

Sababu ya tatu hakuna anayejisifia nayo: kuna namba nyingine ziliingia tu na zikabaki, na kwa kuwa gemu haikugoma, ikauzwa. Gemu ya Puzznic kwenye mashine ya Nintendo ya NES ina namba 89, ambayo kitabuni haipo. Kazi yake ni kuruka baiti moja inayofuata bila kufanya chochote. Super Cars ya mwaka 1991, kwenye NES hiyohiyo, ina aina ya LAX.

Siku chipu ilipobadilika

Hapa ndipo bili ilipoletwa mezani.

Bill Mensch aliondoka na kuanzisha kampuni yake, Western Design Center, huko Mesa, Arizona. Akatengeneza toleo jipya, 65C02, lenye kula umeme kidogo. Safari hii akaziba mapengo. Nyingine akazigeuza kuwa amri za kufanya lolote lisilodhuru, yaani kutofanya kitu. Nyingine akazipa kazi mpya.

Mfano ni 80. Kwenye 6502 ya zamani, 80 ilikuwa inaruka baiti moja bila kitu, kama ile 89 ya Puzznic. Kwenye 65C02, 80 ni amri rasmi ya "hamia sehemu nyingine ya programu". Programu iliyoitumia kujipumzisha, ghafla inatupwa kusikojulikana.

Apple iliiweka 65C02 ndani ya Apple IIc mwaka 1984, na kwenye IIe iliyoboreshwa mwaka uliofuata. Programu nyingi za zamani ziliendelea kama kawaida. Zile zilizokuwa zimeegemea namba za siri zikagoma, na mteja aliyenunua kompyuta mpya hakujua alaumu nani. Mwenye chipu anasema sikuahidi. Mwenye programu anasema mbona ilikuwa inafanya kazi.

Upande wa Commodore 64 mambo yalikuwa tofauti. Mashine ile iliuzwa hadi 1994, na LAX na SAX hazikuguswa miaka yote hiyo. Kwa hiyo kosa lilelile, kwenye mashine moja lilikuwa ujanja, kwenye nyingine likawa hasara. Tofauti ilikuwa ni uamuzi wa watu wengine kabisa, ambao mtengeneza programu hakuwa chumbani walipouamua.

Intel walificha kwa makusudi

Mpaka hapa tumezungumzia ajali. Kuna aina nyingine: amri ambazo mtengenezaji anazijua vizuri, ameziweka mwenyewe, kisha akanyamaza.

Prosesa ya 8085 ya Intel ilikuwa na amri mpya 12 kuliko mtangulizi wake. Intel ikatangaza 2. Zile 10 zilibaki ndani ya silikoni, zikifanya kazi, bila kuandikwa. Sababu yake ina akili: 8086 ilikuwa jikoni tayari, na amri yoyote ambayo watu wangeizoea kwenye 8085 ingebidi itafutiwe njia ya kuendelea kwenye 8086. Usipoitangaza, hudaiwi. Hazikukaa siri muda mrefu, watu walizichimbua.

8086 yenyewe, ya mwaka 1978, ilikuwa na 0F. Haikuwa kitabuni, lakini ilibadilisha rejista inayosema programu iko sehemu gani ya memori, jambo la kumpoteza mtu njia. Ilipofika 80286, Intel ikaichukua namba hiyo na kuifanya mlango: ukiona 0F, amri halisi ni baiti inayofuata. Mlango huo bado uko wazi kwenye laptop za leo zenye chipu za Intel na AMD, na mamia ya amri yamepitia hapo. Kama mwaka 1978 wangeahidi kwamba 0F ina kazi yake, wangelazimika kutafuta mlango mwingine.

Na Z80, iliyotoka 1976 na baadaye kuendesha ZX Spectrum ya Uingereza? Nayo ina zake nyingi. Ninayoipenda ni ED 71, inayotoa namba kwenda kifaa cha nje. Kwenye Z80 za mwanzo inatoa 0. Kwenye Z80 za teknolojia ya CMOS inatoa 255. Jina lilelile la chipu, amri ileile, majibu mawili. Angalau unaweza kuitumia kujua uliyonayo mkononi ni ipi.

Simu yako inaingiaje?

Kwanza, kwa emuleta. Ukipakua app ya kuchezea magemu ya NES, app hiyo inajifanya prosesa ya mwaka 1983. Ikifuata kitabu peke yake, inafika kwenye 89 ya Puzznic na kukwama, au inaichukua kama amri ya baiti moja na kuanza kusoma baiti inayofuata kana kwamba nayo ni amri. Kutoka hapo kila kitu kinaharibika. Kwa hiyo aliyeandika emuleta nzuri amelazimika kunakili ajali pamoja na sheria.

Ajali hizo zilijulikanaje kwa undani? Miaka mingi ilikuwa ni kujaribu na kuandika. Kisha mwaka 2010 Greg James, Brian Silverman na Barry Silverman wakaonyesha mradi wao wa Visual 6502. Walifungua chipu, wakaipiga picha kwa darubini, wakachora kila waya na kila transista, wakaiendesha yote ndani ya brauza. Hapo unaweza kuipa A7 na kutazama mistari miwili ya gridi ikiwaka pamoja.

Pili, kwa ukoo. Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, Uingereza, walikuwa wamejenga kompyuta ya BBC Micro kwa 6502. Wakitafuta prosesa ya baadaye, walimtembelea Mensch kule Arizona, wakaona timu ndogo inaweza kubuni chipu. Wakarudi wakabuni ya kwao. Iliwaka mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985 na iliitwa ARM. Karibu kila simu janja inatumia kizazi chake.

ARM ina kitu ambacho 6502 ilikinyima ili kufika dola 25: mlinzi. Ukiipa amri isiyoijua, inasimamisha programu na kuita mfumo endeshi. Kwenye Android, app inafungwa papo hapo, na simu inaendelea.

Ila mlinzi naye anaweza kusinzia. Mwaka 1997 iligundulika kwamba baiti nne, F0 0F C7 C8, zinaigandisha kabisa Pentium ya Intel. Ni amri batili ambayo prosesa ilitakiwa kuikataa, ila ikajifunga katikati ya kuikataa. Programu yoyote ya mtumiaji wa kawaida iliweza kuizima seva ya watu wengi, mpaka mifumo endeshi ilipowekewa njia ya kuikwepa.

Kuzitafuta nako kumekuwa kugumu. Kwenye 6502 unajaribu namba 256, unamaliza kabla chai haijapoa. Amri moja ya chipu za ukoo wa Intel inaweza kufika baiti 15, huwezi kuzipitia zote. Mwaka 2017, kwenye mkutano wa Black Hat jijini Las Vegas, mtafiti Christopher Domas alionyesha programu aliyoiita Sandsifter. Inaijaribu prosesa kwa amri moja moja, inapima kila moja ina urefu wa baiti ngapi, na kuruka makundi makubwa yasiyobadilisha kitu. Aliziendesha chipu za watengenezaji tofauti, akalinganisha na vitabu vyao. Amri zisizoandikwa zilikuwemo.